Kimombo Kizito kwa Mtu wa Marereni

Ukisimama kituoni Marereni, kando ya barabara itokayo Malindi kwenda Garsen, umezungukwa na Kiingereza kizito kuliko unavyodhani. Kiko kwenye ilani iliyobandikwa nje ya ofisi ya chifu, kwenye mkataba wa kibarua cha chumvi, kwenye fomu ya mdhamini wa mkopo, na kwenye kile kikaratasi kilichokunjwakunjwa ndani ya pakiti ya dawa ambacho hakuna anayekisoma. Kwa hiyo huwa nashangaa nikimwona kijana amejifungia na orodha ya maneno mia tano aliyonakili kwa rafiki: "flabbergasted", "serendipity", "plethora". Anayakariri kwa bidii, lakini hana shughuli nayo, nayo hayana shughuli naye. Kufikia Ijumaa mengi yatakuwa yamemtoroka, na yatakayobaki atayapachika kwenye insha pasipo pake.

Mwongozo huu ni wa yule ambaye tayari anasoma gazeti la Kiingereza na kushika maana ya jumla, ila maneno mawili matatu katika kila aya humpiga chenga. Huenda wewe ni mwanafunzi wa shule ya upili, huenda ni karani, fundi, mwalimu wa chekechea, katibu wa chama cha akina mama, au mzee wa kijiji unayesomewa barua na mjukuu na sasa unataka kuzisoma mwenyewe. Rai yangu ni moja: anza na maneno yanayokuhusu hapo ulipo, na usilihesabu neno kuwa lako mpaka ujue linaandamana na nani na lina tabia gani.

Maneno ya kuanza nayo

Kabla ya kulaumu kichwa chako, pima kwanza unachokisoma. Paul Nation wa New Zealand, aliyetumia maisha yake ya kazi kuchunguza jinsi watu wanavyojifunza msamiati, alionyesha pamoja na mwenzake mwaka 2000 kwamba msomaji huelewa vizuri bila msaada akiwa anajua takriban asilimia 98 ya maneno yaliyo mbele yake. Chukua aya yenye maneno 100. Usiyoyajua yakizidi mawili au matatu, hapo husomi tena, unachimba. Kuchimba si vibaya kwa ukurasa mmoja wa kujifunzia, lakini ukichimba riwaya nzima utaitupa njiani.

Huko huko New Zealand, mwaka huo huo, Averil Coxhead alitoa orodha ya jamii 570 za maneno yanayojirudia katika vitabu vya masomo ya kila aina, yawe ya sheria, biashara au sayansi: "analyse", "assume", "significant", "derive", "consequence". Hii ndiyo orodha pekee ninayoweza kumpendekezea mtu, kwa sababu maneno yake hayana mbwembwe. Hata hivyo usiikariri kutoka juu hadi chini. Itumie kuamulia: ukikutana na neno kwenye karatasi inayokuhusu, kisha ukalikuta pia humo, hilo liandike daftarini bila kusita.

Na karatasi zinazokuhusu hazikosekani. Tuanze na chumvi.

Mtu wa Marereni anaijua kazi ya chumvi kabla hajajua Kiingereza chake. Maji ya bahari huingizwa kwa mifereji wakati wa bamvua, yakatuama kwenye mabwawa mapana, jua na upepo wa kaskazi vikayapunguza, yakahamishwa bwawa hadi bwawa huku yakizidi kukolea, mpaka chumvi ikajitenga na kulala chini. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi za kila namna, na chumvi ya kula haianzi kushika punje mpaka maji yamepungua hadi karibu sehemu moja ya kumi ya yalivyokuwa. Sasa tazama Kiingereza kinavyoisimulia kazi hiyo hiyo: "The water evaporates. The brine becomes more concentrated until the salt crystallises, and a bitter liquid called bittern is left as a residue." Umepata maneno sita mazito bila kutoka nyumbani, na kila moja limeshika kitu ulichokwisha kukiona kwa macho na kukikanyaga kwa miguu.

Lichukue "evaporate" peke yake ulimalize. Ni kitenzi kinachoweza kusimama bila yambwa: "The water evaporates slowly during the long rains." Chaweza pia kubeba yambwa: "The sun evaporates the water." Jina lake ni "evaporation", nalo halina wingi. Mkazo wake ni mtego, kwa sababu wewe Mswahili ulimi wako umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza hukaza "va", kisha kikifika kwenye "evaporation" mkazo unahamia "rei". Halafu kuna maana ya kuazima: matumaini, hofu, akiba, na wale walioahidi kuchangia harusi, wote huweza "evaporate". "Their promises evaporated soon after the election." Mwisho, jua pia neno lisipoingia. Shati lililoanikwa haliwezi "evaporate". Yanayofanya hivyo ni maji yaliyomo ndani yake, shati lenyewe "dries". Ukifika hapo, neno ni lako, na hakuna orodha ingekupa hayo.

"Concentrate" nakuachia ulifanyie vivyo hivyo. Anza na mwalimu anayepiga kelele darasani, umalizie kwenye bwawa.

Karatasi za ofisini

Mradi mkubwa ukitaka kuanzishwa, ripoti ya athari zake kwa mazingira hupelekwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, tangazo likatoka gazetini, na wananchi wakaombwa maoni. Tangazo hilo mara nyingi lina jedwali: upande mmoja athari zinazotarajiwa, upande wa pili hatua za kuzipunguza. Kwa mtu anayetafuta msamiati, sijaona kitabu bora kwa bei hiyo. Kushoto utakuta "dust emissions", "loss of vegetation", "contamination of groundwater". Kulia utakuta kunyunyiza maji, kupanda miti upya, kuchimba mitaro. Neno gumu la kushoto linafafanuliwa na kazi nyepesi ya kulia. Funika safu ya kushoto, soma ya kulia, kisia tatizo linaitwaje kwa Kiingereza, halafu funua. Mwenye mradi wanamwita "the proponent", na hatua zenyewe "mitigation measures".

"Mitigate" ni kupunguza makali ya jambo. Wasomi wengi, hata wenye digrii, huandika "mitigate against", kwa kulichanganya na "militate against", ambalo ni kuwa kikwazo. "Mitigate" halitaki "against" kabisa: "The company promised to mitigate the effects of seepage on nearby wells." "Militate" nalo halikai bila hiyo: "Bad roads militate against trade." Yaandike kwenye ukurasa mmoja wa daftari, yachungane.

"Adverse" ni neno lenye faida kubwa kwa Pwani yetu. "Adverse weather" ni hali mbaya ya hewa, ile inayowazuia wavuvi kutoka. "Adverse effects" kwenye kikaratasi cha dawa ni madhara. Na katika sheria za Kenya, "adverse possession" ni mtu kukaa kwenye ardhi iliyosajiliwa kwa jina la mwingine miaka 12, waziwazi, mfululizo na bila ruhusa ya mwenyewe, kisha akaenda mahakamani kudai iwe yake. Kwa ardhi ya serikali dai hilo halisimami. Kote mle neno limebeba maana ya kwenda kinyume: hewa iko kinyume na safari yako, dawa iko kinyume na mwili wako, na ukaaji wako uko kinyume na haki ya mwenye hati. Usilichanganye na "averse", ambalo ni la mtu asiyependa jambo: "He is averse to borrowing."

Nikiulizwa ni neno gani moja kila mkazi wa eneo letu la Magarini mwenye kitambulisho alijue, nitasema "severally". Kenya tumelifanya kuwa na maana ya mara nyingi: "I have called you severally." Kwa Mkenya mwenzako litapita. Lakini fungua fomu ya mdhamini wa mkopo, ile unayowekewa mbele na kuonyeshwa tu pa kutia sahihi, utakuta "jointly and severally liable". Hapo maana yake ni kila mmoja peke yake. Mkopaji akitoroka, mkopeshaji ana haki ya kukuandama wewe mmoja kwa deni zima, kisha ni juu yako kutafutana na wadhamini wenzako. Mtu ametia sahihi akidhani deni litagawanywa sawasawa kati ya watatu, kumbe ameweka mbuzi wake wote. Sentensi ya daftarini iwe hii: "The three guarantors are jointly and severally liable, so the lender may recover the whole loan from any one of them."

Kuna maneno mengine ambayo maana yake si ngumu, tabia yake ndiyo ngumu. Mwaka 2006 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilichapisha ripoti ya uchunguzi wake kuhusu utengenezaji wa chumvi Magarini, baada ya malalamiko ya wakazi juu ya ardhi, mazingira na haki za wafanyakazi. Ripoti za namna hiyo, pamoja na hukumu za Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoko Malindi ambazo Kenya Law huziweka mtandaoni bure, ni machimbo ya Kiingereza kizito kinachohusu viambaza vya nyumba yako. Katika maandishi kuhusu ardhi ya Pwani utalikuta mara kwa mara neno "squatter". Neno hilo limeshabeba hukumu ndani yake: huyu amekaa pasipo pake. Mkazi anayedai kwamba shamba ni la mababu, kisha akaandika barua akijiita "we, the squatters", amempa mpinzani nusu ya kesi kabla ya kiti kupata moto. "Occupant" linasema tu kwamba unakaa hapo. "Claimant" linasema unadai. "Ancestral land" inataja asili ya dai lako. Chagua ukijua unachochagua.

Vivyo hivyo "scheme". Kwetu skimu ni jambo la kawaida, na Magarini Settlement Scheme, iliyofadhiliwa na Australia tangu miaka ya 1970, ilikuwa mpango wa makazi tu. Lakini likigeuka kitenzi, "he schemed to get the plot", tayari ni njama. Na usije ukamsifu mwalimu wako kwamba ni "notorious for hard work". "Notorious" ni kuvuma kwa ubaya.

Sentensi na kidole gumba

Sentensi nyingi za daftarini hazina uhai. "The salt was contaminated." Funika neno la mwisho kwa kidole gumba, mpe mwenzako akisie. Atasema "sold", "white", "stolen", "expensive", na yote yataingia. Maana yake sentensi haijui lolote kuhusu neno lililomo. Iandike upya: "The salt was contaminated when floodwater carried mud and diesel into the pond." Funika tena. Sasa mwenzako atasema "spoiled" au "contaminated", basi. Sentensi ya kujifunzia iwe ile ambayo neno likitolewa, pengo linalililia. Mtahini wa KCSE anafanya hivyo hivyo katika Karatasi ya Kwanza ya Kiingereza, anapokupa aya yenye mapengo kumi kwa alama kumi. Anataka kuona kama unaisikia sentensi inaita nini.

Kila neno lipe sentensi mbili. Ya kwanza iwe ya kweli, jambo lililotokea Marereni, Gongoni, Fundi Issa au Ngomeni juma hili hili. Ya pili iwe ya hoja, iliyo na "because", "although" au "unless" ndani yake, maana viunganishi hivyo havikuruhusu kuliweka neno likakaa bure. Chukua "encroach". "The new fence encroaches on the path to the well." Kisha: "Although the ponds have encroached on the mangroves, some families still fish in the creek." Ona "on" ilivyong'ang'ania mara zote mbili. Hiyo nayo ni sehemu ya neno, iandike pamoja nalo tangu siku ya kwanza.

Karani mmoja mstaafu nilimsikia akimsahihisha mpwa wake kwa njia ambayo sijaona mwalimu akiishinda. Kijana alikuwa ameandika, "The old men were reluctant for the lease."

"Reluctant kufanya nini?" akamuuliza.

"Lease, mjomba."

"Lease si kitendo. Nakuuliza, wazee walisitasita kufanya nini?"

"Kutia sahihi."

"Basi sema hivyo, mwanangu."

Kijana akafuta, akaandika: "The old men were reluctant to sign the lease." Hakupewa kanuni yoyote. Aliulizwa swali kwa Kiswahili, na jibu lake la Kiswahili likamwonyesha kwamba neno lile linadai kitendo. Swali hilo jiulize kwa kila sifa na kila kitenzi kipya: kufanya nini, nani, kwa nani, dhidi ya nini?

Kiswahili kinapokusaidia na kinapokuponza

Makosa mengi tunayoyafanya kwenye maneno mazito si ya ujinga, ni ya lugha yetu kutusukuma. Kwa Kiswahili tunajadili kuhusu jambo na kusisitiza juu ya jambo, kwa hiyo tunaandika "discuss about" na "emphasise on". Kiingereza hakitaki nyongeza hizo: "We discussed the compensation. The chairlady emphasised the deadline." "Comprise of" nayo iache: "The group comprises twelve women." Sisi tuna vifaa, samani, mawaidha na mizigo, vyote vya wingi, basi twazaa "equipments", "furnitures", "advices" na "luggages", watoto ambao Kiingereza hakiwatambui. Ukitaka kuhesabu, sema "two pieces of equipment".

Lakini usidhani Kiswahili ni mzigo tu. Wako wasemaji wa lugha nyingine wanaohangaika miaka na "borrow" na "lend". Wewe una kopa na kopesha tangu utotoni. Ukiyalinganisha hayo mara moja, hutasema tena "borrow me your pen". Vivyo hivyo ulivyozoea kutoa lipa, lipwa, mlipaji na malipo kwenye shina moja, zoea kuuliza kila neno la Kiingereza lina ndugu gani: "pay", "payer", "payee", "payment". Kiishio cha "-er" au "-or" kwa kawaida ni mtenda, na "-ee" mara nyingi ni mtendwa au mtendewa. Kwenye mkataba wa ardhi "lessor" ndiye anayekodisha na "lessee" ndiye aliyekodishiwa. Kuna wakaidi kama "attendee", ambaye ni mhudhuriaji wala hakutendwa chochote, lakini kanuni itakufikisha mbali.

Katika matamshi pia mtu wa Pwani ana akiba. Sauti zinazowatoa jasho Wafaransa na Wajerumani, za "think" na "this", sisi tumezaliwa nazo katika thelathini na dhahabu. Kinachotushinda ni mkazo unaohamahama, kama ule wa "photograph" unaokaa mwanzo na wa "photography" unaokaa kwenye "to", na herufi zilizoandikwa ili zisisomwe: ile "b" ya "debt" na "subtle", ile "p" ya "receipt". Neno jipya lisikie kabla ya kuliandika. Kamusi za simu hulitamka, na matangazo ya BBC World Service hulitamka ndani ya sentensi, jambo ambalo ni bora zaidi.

Kuhusu kamusi, uwe nazo mbili na kila moja ifanye kazi yake. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 1996, itakupa maana upesi. Ya pili iwe ile ya wanafunzi wa juu ya Oxford, maarufu kwa jina la Hornby. A. S. Hornby alikuwa mwalimu wa Kiingereza huko Japani, na kamusi yake ilichapwa kwanza Tokyo mwaka 1942 kabla ya Oxford kuitoa mwaka 1948. Iliandikwa kwa ajili ya mgeni wa lugha, kwa hiyo hukuonyesha neno linaandamana na nini na kukupa sentensi. Ukipata nakala kuukuu kwa mwuza vitabu vya mitumba Malindi, inunue. Maneno yake hayajachakaa. Krapf mwenyewe, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuandika akiwa Rabai, alijifunza Kiswahili chetu kwa kukusanya namna watu wanavyosema, na kamusi yake iliyochapwa London mwaka 1882 imejaa sentensi na maelezo ya matumizi. Kama yeye alihitaji sentensi kwa lugha yetu, nasi tutazihitaji kwa yao.

Kuyashika yasitoroke

Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885, alionyesha kwamba tunachojifunza hutoweka kwa kasi mwanzoni na polepole baadaye, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashinda kurudia mfululizo. Sebastian Leitner, katika kitabu chake cha Kijerumani cha mwaka 1972, akalitengenezea jambo hilo sanduku. Huhitaji kununua kitu. Kata vikadi kutoka kwa boksi la biskuti, upande mmoja sentensi yenye pengo, upande wa pili neno. Gawa boksi lenyewe vyumba vitatu. Chumba cha kwanza kipitie kila siku, cha pili kila baada ya siku tatu, cha tatu mara moja kwa juma. Ukipata, kadi inasonga chumba kimoja mbele. Ukikosa, inarudi cha kwanza hata kama ilikuwa katika cha tatu. Maneno matano mapya kwa siku yanatosha. Anayekwambia hamsini hajayatumia.

Kisha yatumie kwa watu, ila kwa adabu. Hapa kwetu mtu akimwaga ung'eng'e mbele ya wazee wasioujua huonekana ana kiburi, na ni kweli huwa nacho. Tafuta wenzako wawili wa kukaa nao maskani jioni, mkubaliane nusu saa ya Kiingereza, kila mmoja alete neno moja na habari moja ya kweli ya kulitumia. Katika insha nako, neno zito moja lililokaa vizuri katika aya linatosha. Mtahini wa Karatasi ya Tatu ameshasoma mamia ya watoto ambao walikuwa "elated, ecstatic and over the moon" kwa kununuliwa viatu.

Kwa usomaji mrefu, tafuta Kiingereza ambacho mandhari yake unayajua, ili akili ihangaike na maneno tu. Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ana "Paradise" na "By the Sea". Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa ana "The House of Rust". Yvonne Adhiambo Owuor aliipeleka "The Dragonfly Sea" hadi Pate. Hao wote wameandika bahari yetu kwa Kiingereza cha juu, na utajikuta unakisia neno kwa sababu unajua kitu chenyewe. Anayependa sayansi asome habari za setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini upande wa Ngomeni, ikawa ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei angani. "Orbit", "detect", "emit", "celestial": yote hayo yaliruka kutoka Ghuba ya Ungwana.

Wala usingoje mtihani ndipo uandike. Tangazo la mradi likitoka ambalo linagusa kisima chenu, andika maoni, hata kama ni sentensi nne: "We depend on two shallow wells for drinking water. The report does not explain how the proponent will prevent brine from seeping into them. Unless the ponds are lined, any leakage is likely to have adverse effects on our families and livestock. We therefore request a written plan of mitigation measures before the licence is granted." Kabla ya kuipeleka, isomwe na watu wawili. Mmoja awe anakijua Kiingereza kukuzidi, akague "into", "on" na "from" zako. Wa pili awe mama anayeteka maji pale kila asubuhi. Mfasirie neno kwa neno, akwambie kama ndivyo mambo yalivyo kisimani.